Kosa la Makusudi kwenye Sauti ya Pili

Kwa miaka kama kumi na mitano sikumpa mtu karatasi zangu za muziki bila kutia kosa humo. Lilikuwa kosa dogo, nota moja tu iliyopanda au kushuka pasipostahili, na kila aliyepewa nakala alipewa kosa lake peke yake. Niliyaandika makosa hayo kwenye daftari lenye jalada jeusi: nakala ya nani, ukurasa upi, sauti ipi. Siku ningesikia wimbo wangu ukiimbwa mahali ambapo sikuupeleka, kosa lingenitajia mwizi.

Mimi ni mtunzi, ingawa nyimbo zangu hazipigwi redioni. Naandika muziki wa kwaya na wa fidla, ule ambao kila nota iko karatasini na anayepiga hana ruhusa ya kujiongezea. Nikisema hivyo hapa Kakamega watu huitikia, "Aah, mwalimu wa kwaya," nami hukubali, kwa sababu ndiyo kazi iliyonilisha. Nimefundisha muziki katika shule ya wasichana karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Kutunga nilikutunzia saa za alasiri, baada ya masomo, wakati mvua ya huku inapogonga mabati na hakuna anayeweza kukuita ukasikia.

Nilizaliwa Lumakanda, kwenye shamba la mahindi ambalo baba alipewa katika mgao wa mashamba ya Wazungu. Kanisani kwetu palikuwa na kinanda cha kukanyaga ambacho panya walikitoboa mfuko wa hewa, kwa hiyo kilikuwa kinahema kuliko kuimba. Mwalimu wetu wa kwaya hakukitegemea. Alitufundisha solfa kwa ubao na fimbo, do, re, mi, mpaka hata akina mama wasiojua kusoma barua waliweza kusoma wimbo. Nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa namwandikia sauti ya tatu siku alizokuwa na haraka. Yeye ndiye aliyemfuata baba shambani kumwambia nisitolewe shule. Nalieleza hilo kwanza ili haki yake isipotee, kwa sababu ndiye baadaye aliyeniibia.

Chuo kikuu nilisomea muziki wa kuandika kwa mistari mitano. Nikatunga kazi ya fidla mbili, fidla nzito ya sauti ya kati na chelo, na nikarudi Kakamega nayo mfukoni, mahali ambapo nisingeweza kuwapata wapigaji wanne wa kuipiga. Nikageukia sauti za watu. Wimbo wangu wa kwanza wa maana niliutunga baada ya kukaa siku tatu msituni Buyangu nikisikiliza jinsi mvua inavyoanza juu kwenye majani, kitambo kabla haijakugusa wewe uliye chini. Nilimpelekea mwalimu wangu wa zamani aupitie. Aliupokea kwa mikono miwili.

Miezi michache baadaye nilikuwa nimeketi na wanafunzi wangu katika ukumbi wa tamasha la muziki. Kwaya yake ikapanda jukwaani. Mtangazaji akasoma jina la wimbo, nikatabasamu. Akasoma jina la mtunzi, nalo halikuwa langu. Wasichana wangu walikuwa wameuimba wimbo ule bwenini muhula mzima, na wote waligeuka kunitazama kwa pamoja. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Nilimkuta nje karibu na mfereji, ananawa uso.

"Mwalimu, ule ni wimbo wangu."

"Niliurekebisha," alisema bila kuinua kichwa. "Sauti ya nne ilikuwa dhaifu. Na sauti ya nne ulifundishwa na nani?"

Alikuwa kama baba yangu, na mtu haanzi kesi na baba yake mbele ya watu. Alipofariki waliuimba wimbo ule kwenye mazishi yake. Nililia, na familia yake ikanishukuru kwa kumpenda hivyo.

Baada ya hapo nilibadilika, na sikubadilika kwa uzuri. Nikaanza kuitazama midomo ya walimu wenzangu wanapopita korido wakiimba chini kwa chini. Nikienda saiba, duka la kompyuta, kuchapisha, nilisimama nyuma ya yule dada wa mashine mpaka afute faili langu mbele ya macho yangu, kisha namwambia afute tena mahali pale ambapo vitu vilivyofutwa hukaa. Alinizoea. Akiniona mlangoni alivuta kiti chake pembeni ili nione vizuri. Nyumbani niliweka karatasi zangu kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo niliuvaa shingoni kama wengine wanavyovaa msalaba. Na nikaanza mtindo wangu wa makosa.

Mama yangu alipofariki nilitunga maombolezo yake. Yalikuwa na sehemu tano, za kwaya na vyombo vya nyuzi, na yalinichukua zaidi ya mwaka. Sehemu ya tatu ni ya wanawake peke yao, na maneno yake ni machache: "Mama, mlango umefungwa, nani ataufungua." Kwenye neno "nani" sauti ya pili inashuka taratibu hadi fa, kama mtu anayekaa chini kwa kuchoka. Nilijua ndiyo kazi yangu bora. Kwa hiyo ndiyo niliyoiogopea zaidi.

Nilitoa nakala tatu. Moja nilimtumia mwongozaji mmoja wa Nairobi, kijana mwenye kikundi cha wapiga fidla, aliyetaka kuipiga. Ya pili nilimpa rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili wa shule yetu, aiweke kwake endapo nyumba yetu ingeungua. Niliifunga kwa bahasha na utepe, nikatia sahihi juu ya utepe, nikamwambia asiifungue mpaka nimwambie. Ya tatu nilimpa mume wangu. Yeye ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari na ana kabati la chuma kazini. Kwake sikuweka hata utepe. Mume wangu hakujua muziki, au ndivyo nilivyoamini. Tulipokuwa wachumba nilimsikia akiimba kanisani nikamwambia, kwa mzaha, kwamba Mungu alimuumba wa kusikiliza tu. Hakuwahi kuimba tena mbele yangu, na mimi sikuwahi kulitilia maanani jambo hilo.

Kila nakala ilikuwa na kosa lake.

Jumamosi moja karani wa shule yetu alimzika baba yake huko Navakholo, na sisi walimu tukaenda. Kulikuwa na hema mbili, na hotuba zilikuwa nyingi kama kawaida. Baada ya mwakilishi wa wadi kuketi, kundi la akina mama wa kanisa moja dogo la hapo jirani walisimama, wote wamefunga vitambaa vya buluu kichwani. Hawakuwa na kinanda wala karatasi. Mmoja alitoa sauti, wakaanza.

"Mama, mlango umefungwa."

Niliangalia chini kwenye nyasi, nikasikiliza jinsi mtu anavyosikiliza hatua za mwizi nje ya nyumba. Waliimba polepole kuliko nilivyoandika. Wakafika kwenye "nani", na sauti ya pili haikushuka hadi fa. Ilibaki juu kidogo, kwenye fi, ikaning'inia hapo kama swali. Lilikuwa mojawapo ya makosa yangu matatu.

Rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili, alikuwa ameketi kando yangu, na ameolewa Navakholo, si mbali na pale. Nilimtazama. Alikuwa akipangusa machozi.

"Wimbo huu ni mzuri sana," aliniambia. "Ni wa nani?"

Niliona huo ni ujasiri wa ajabu. Tuliporudi mjini niliketi kiti cha mbele ili nisiongee naye.

Ningeweza kwenda moja kwa moja kwenye daftari langu. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikwenda. Nadhani nilikuwa na uhakika kwamba fi ilikuwa yake, na mtu mwenye uhakika haangalii daftari. Kwa juma zima sikunywa naye chai. Alinisalimia, nikamjibu kwa kichwa. Ijumaa nilimkuta peke yake kwenye chumba cha walimu akisahihisha insha.

"Mwalimu," nilimwambia, "nilikupa kitu changu ukiweke. Umekipeleka wapi?"

"Kipi? Ile bahasha? Iko nyumbani."

"Wamama wa kwenu Navakholo wameupata wapi wimbo wangu?"

Aliweka kalamu chini. Alinitazama kwa muda, na niliona akielewa kidogo kidogo, kwanza wimbo, kisha shtaka.

"Ule wa mazishini ulikuwa wako," alisema. "Ndiyo maana hukuniongelesha."

"Jibu swali langu."

"Sina jibu. Jumatatu nitakuletea bahasha yako."

Aliileta. Hakunipa mkononi. Aliiweka mezani kwangu juu ya vitabu vya wanafunzi na kwenda darasani. Utepe ulikuwa mzima na sahihi yangu ilikuwa juu yake, haijakatika hata kidogo. Niliishika dirishani kwenye mwanga. Sioni fahari kusema kwamba nilitafuta alama za mvuke wa birika.

Ndipo nilipofungua daftari. Ukurasa wa kumi na moja, sauti ya pili, fa imekuwa fi. Nakala ya mume wangu.

Mume wangu alikuwa na mapumziko ya zamu kila Alhamisi alasiri, na kila Alhamisi alikwenda Navakholo kumwona Senje, shangazi yake aliyemlea. Aliniaga hivyo miaka yote: "Naenda kwa Senje." Sikuwahi kumfikiria vibaya. Sasa nikaanza kukumbuka mambo. Kwamba siku hizi alitoka amenyoa ndevu. Kwamba aliporudi alikuwa na uchangamfu ambao hakuondoka nao. Kwamba miezi kadhaa iliyopita aliniomba kalamu nyekundu, na nilipomuuliza ya nini alisema ya kazini. Moyo wangu ulimpata mwanamke Navakholo kabla sijamaliza kunywa chai. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzuri, wa sauti ya pili.

Alhamisi iliyofuata nilimwacha atangulie nusu saa, nikachukua bodaboda. Barabara ya udongo wa murram ilikuwa na utelezi, na tulikwama nyuma ya trekta la miwa kwa muda mrefu sana. Mwendeshaji alitaka kujua kama naenda kwenye msiba, nikamwambia bado sijajua. Nilimwambia aniteremshe kabla hatujafika boma la Senje. Nilitembea pembeni mwa ua wa michongoma, viatu mkononi, mwalimu mzima wa miaka hamsini. Nilimsikia mume wangu kabla sijamwona.

Alikuwa anaimba. Aliimba solfa, kwa sauti nzito, safi, kila nota mahali pake.

Nilichungulia. Akina mama kumi na wawili au zaidi walikuwa wameketi kwenye mabenchi uani. Mume wangu alisimama mbele yao, nyuma yake kalenda kubwa ya mwaka uliopita imetundikwa ukutani kichwa chini, na mgongoni mwa kalenda ameandika wimbo wangu kwa solfa, herufi kubwa, sauti ya pili kwa kalamu nyekundu. Senje alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba chini ya paa la baraza, blanketi hadi kidevuni, macho wazi.

"Hapana, akina mama," mume wangu alisema. "Mmeshuka tena. Ni fi. Mwaimbanga fa."

"Lakini fa ndiyo inakuja yenyewe," mmoja akajibu. "Hiyo yako inatuuma koo."

"Hata mimi inaniuma. Lakini aliyeandika anajua kwa nini. Sisi tunaimba alivyoandika. Tena."

Waliimba tena. Nilibaki nyuma ya ua mpaka nikahisi miguu imekufa ganzi. Nilikuja kushika mwizi, na mwizi alikuwa anapigania kosa langu kwa heshima ambayo hata mimi sikuwa nayo.

Senje ndiye aliyeniona. "Mke wetu amesimama kwenye miiba," alisema kwa sauti yake ndogo. "Mwambieni aingie."

Mume wangu aligeuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa na kosa kubwa. Baadhi ya akina mama wakatazama viatu vyangu vilivyokuwa mkononi.

"Solfa ulijifunza wapi?" Ndicho kitu cha kwanza nilichomuuliza.

"Hapa. Kwaya ya Senje. Kabla sijakujua."

"Hukuniambia."

"Uliniambia mimi ni wa kusikiliza."

Senje alinyoosha mkono nikaushika. Ulikuwa mwepesi kama ganda la hindi. "Usimgombeze," alisema. "Ni mimi. Nilimuuliza, huyu mke wako anaandikanga nini siku zote? Miaka yote hiyo anaandika, hatujasikia hata mstari. Nitakufa bila kusikia? Basi akaleta."

"Angeniomba."

"Ungempa?"

Tuliletewa chai, na baadaye obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kienyeji, na nilikula katikati ya wanawake ambao waliujua wimbo wangu mzima kwa moyo. Mmoja alinieleza kwamba walipoimba kwenye ule msiba mjane aliomba waurudie kaburini. Mwingine, mama mkubwa mwenye jino moja la mbele, alitaka kujua kwa nini nimeiweka ile fi. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ananisikiliza kwa makini sana, kama mwanafunzi.

"Niliona iwe hivyo," nilisema.

Nilimweleza ukweli Jumapili, tumeketi jikoni. Nilitoa daftari, nikamwonyesha mistari mitatu. Alisoma kila mmoja.

"Kwa hiyo yangu ilikuwa mtego," alisema.

"Za wote zilikuwa mtego."

"Miezi miwili niliwapigania wale mama kwa ajili ya hiyo nota." Alifunga daftari, akalisukuma kwangu. Kisha akatoka kumkatia ng'ombe majani, na niliona kupitia dirishani kwamba alikata mengi kuliko ng'ombe mmoja anavyoweza kula. Alirudi mezani, lakini kwa siku kadhaa alinijibu kwa neno moja moja.

Maombolezo yaliimbwa hapa hapa Kakamega mwaka uliofuata, katika kanisa lililotukubali, na wapiga fidla wakashuka kutoka Nairobi kwa basi. Akina mama wa Navakholo waliimba sehemu ya tatu. Kwenye mazoezi, mwongozaji aliwasimamisha.

"Nakala yangu inasema fa hapo."

"Iko sawa," nilisema. "Lakini waache waimbe fi."

Alinitazama kidogo. "Na kwenye sauti ya nne, ukurasa wa nne, nilisahihisha kosa moja la chapa. Natumaini hutakasirika." Lile ndilo kosa nililotia kwenye nakala yake. Alilitambua siku ya kwanza, akalifuta kwa penseli, na hakuwahi kufikiria kulitaja.

Niliwaachia akina mama ile fi kwa sababu hawakukubali tena kuitoa. Sauti ya mtu ikishajifunza kuumia mahali fulani, hairudi. Siku ile ilipofika, fidla zikanyamaza na wale wanawake wakabaki peke yao, wakafika kwenye "nani", na nikasikia kanisa zima likizuia pumzi. Mpaka leo sijui kama ile nota ni bora kuliko yangu. Watu husema ndiyo. Huwa siwaamini wanaposifu, na huwa siwaamini wanapokosoa. Senje hakuweza kuja. Mume wangu alimpelekea sauti kwenye simu, Senje akaisikiliza mara mbili, na akafariki mvua za masika zilipoanza, nikiwa nimemtembelea Alhamisi sita mfululizo.

Rafiki yangu hakuja kanisani. Nilikuwa nimemwomba msamaha mapema, siku ileile niliporudi kutoka kwa Senje. Alisema amenisamehe, na naamini alisema kweli. Muhula uliofuata alihamishiwa shule moja upande wa Lumakanda, akawa naibu wa mwalimu mkuu. Nilipokwenda huko kutazama shamba la baba nilipita kwake. Alinichinjia kuku. Aliuliza habari za mume wangu, za shule, za mvua. Nilimweleza kuhusu mtego, kwamba hata bahasha yake ilikuwa na kosa ndani, kwa sababu nilidhani kumficha tena kungekuwa kuendelea na ubaya uleule.

"Ungeniambia kwamba huniamini," alisema, "ningekataa kuiweka. Hilo tu."

"Nimetunga kitu kipya," nilimwambia. "Ningependa usome maneno yake. Kiswahili chako ni bora kuliko changu. Hakuna kosa ndani."

"Mwalimu, mpe mtu mwingine."

Hakusema kwa hasira. Aliondoa sahani, akaniletea maji ya kunawa, na akanimiminia yeye mwenyewe. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama nami mpaka nikapata gari, akaniuliza kama nimesahau kitu, na akanipungia mkono vizuri, kama mtu anavyompungia mgeni.